Maswali Yenu: Mchanga kwenye dagaa, michikichi ya marehemu na nafsi isiyoshiba

Barua za safari hii nyingi zimetoka kando ya Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, Kibirizi, Katonga na Ujiji, na chache zimeteremka kutoka Kasulu na Mwandiga. Kila mmoja ameuliza lake, lakini ukizisoma zote kwa kikao kimoja unaona zinazunguka jambo lile lile: tamaa. Majina tumeyaacha na barua ndefu tumezifupisha.

Nataka mtumbwi wa pili. Je, hiyo ni tamaa?

*Assalaam aleikum, mashehe wetu. Nina mtumbwi mmoja wa dagaa, na mashine na taa zake. Nimeweka akiba nataka kununua wa pili. Baba mdogo ananiambia niridhike na nilichopewa, eti kutaka zaidi ni tamaa na Mtume (s.a.w.) ameikataza. Nimebaki njia panda. — Mvuvi, Kibirizi*

Waaleikumus salaam warahmatullah. Baba mdogo mpe heshima yake, ila kauli yake inahitaji kuchekechwa kidogo, maana ndani yake mna kweli na mna kisichokuwamo katika dini.

Wanazuoni wana maneno matatu ambayo sisi kwa Kiswahili huyatupia kapu moja la “tamaa”. Hirsi ni pupa ya kutafuta. Bukhuli ni kukizuia kilichomo mkononi mwako. Shuhhu ndiyo mbaya kupita zote, kwa sababu ni hirsi na bukhuli zilizooana: mtu anakikodolea macho cha mwenziwe na papo hapo hakitoi chake. Hii ya tatu ndiyo Mtume (s.a.w.) aliyoitahadharisha katika hadithi ya Jabir iliyomo kwa Imam Muslim, kwamba iliwaangamiza waliokuwa kabla yetu, ikawapeleka kumwaga damu zao na kuhalalisha yaliyoharamishwa. Na Qur'ani inaitaja mara mbili kwa lafudhi moja, Suratul Hashri aya ya 9 na Suratut Taghabun aya ya 16: mwenye kuepushwa na shuhhu ya nafsi yake, hao ndio waliofaulu.

Kuwa na mitumbwi miwili hakumo humo. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina hakuwa na kitu. Saad bin Rabii (r.a.) akamwambia wagawane mali nusu kwa nusu. Yeye akamwombea baraka, akasema: nionyesheni sokoni. Akaanza na jibini na samli, akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa masahaba, naye ni katika kumi waliobashiriwa Pepo. Kwa hiyo kutafuta si kosa.

Kosa linaanza wapi? Ipo hadithi ya Kaab bin Malik (r.a.) kwa Tirmidhi: mbwa mwitu wawili wenye njaa wakiachiwa kwenye kondoo hawafanyi uharibifu mkubwa kuliko pupa ya mtu juu ya mali na cheo inavyoiharibu dini yake. Mfugaji aliyewahi kuingiliwa zizini usiku anaielewa hadithi hii kuliko sisi tulioisoma darasani. Mnyama yule akishaingia zizini hachukui kondoo mmoja wa kumtosha akaondoka. Huua hata wale asiowala, na asubuhi unakuta zizi zima limelala chini. Tena wametajwa wawili, mali na cheo, kwa sababu mara nyingi mtu hutaka mtumbwi wa pili si kwa ajili ya dagaa bali kwa ajili ya kuitwa tajiri pale ufukweni.

Basi jipime hivi. Mtumbwi wa kwanza umekula swala ngapi za alfajiri? Mabaharia wako wanalipwa siku mzigo unapouzwa, au wanazungushwa? Mwenyezi Mungu amesema katika hadithi Qudsi kwa Bukhari kwamba yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiyama, mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake.

Hapa tuingie kwenye hesabu, kwa kuwa tamaa ya mwenye chombo huwa inajificha kwenye gharama. Tuseme makubaliano yenu ni kutoa gharama kwanza, kisha nusu yako na nusu ya mabaharia watano. Usiku ule mashine imekunywa lita 30 za petroli, wewe ukaandika 40. Lita 10 za hewa, tukizikadiria shilingi 3,000 kila moja, ni 30,000. Nusu yake, 15,000, imetoka kwenye fungu la mabaharia, kila mmoja amepoteza 3,000. Inaonekana ndogo. Zidisha kwa usiku 20 wa giza ambao mnaingia majini kwa mwezi: kila baharia umemla 60,000, na watano ni 300,000. Mtumbwi wa pili ukinunuliwa kwa fedha hizo, mbao zake kadhaa ni za watu wengine.

Ukitaka kununua, nunua. Ila kabla ya chombo kuingia majini yaandikwe kwenye daftari ambalo baharia mmoja naye analishika: lita zilizotiwa, gharama ya taa na betri, matengenezo ya nyavu yatakatwaje na kwa muda gani, na fungu la kila mtu kwa sehemu iliyotajwa, yaani nusu au theluthi, si “nitakuona”. Neno hilo “nitakuona” limeleta ugomvi mwingi katika mialo yetu kuliko upepo.

Dagaa wenye mchanga

*Ninanunua dagaa mwaloni na kupeleka Dar es Salaam kwa kilo. Wengi tunaanika mchangani, na mchanga hubaki. Mwenzangu ananiambia usichekeche sana, mchanga nao ni kilo. Anasema kila mtu anafanya hivyo na mnunuzi anajua. Je, ni haramu? Na nilichokwisha kuuza? — Mama mfanyabiashara, Katonga*

Mama yetu, umeuliza maswali mawili, na la pili ndilo zito.

Kwanza, mchanga wenyewe. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikakutana na maji. Akamuuliza mwenye chakula: nini hiki? Akajibu kuwa kimepigwa na mvua. Mtume akamwambia: mbona hukukiweka juu watu wakakiona? Mwenye kutughushi si katika sisi. Imepokewa na Muslim. Angalia vizuri: yule mtu hakuileta mvua, wala hakulaumiwa kwa mvua. Kilichomtoa ni kuiweka mbichi chini na kavu juu. Na wewe hulaumiwi kwa kuanika mchangani ikiwa chanja huna. Unaulizwa juu ya kile unachokijua wewe na mnunuzi hakijui.

“Mnunuzi anajua” si jibu mpaka ajue kiasi. Anajua upo mchanga kidogo. Hajui kwamba ndani ya gunia la kilo 50 mna kilo tatu. Tukisema kilo ya dagaa ni shilingi 10,000, kilo tatu za mchanga amezinunua kwa 30,000, na magunia kumi ni 300,000. Hiyo ndiyo Suratul Mutaffifin yenyewe: ole wao wapunjao, ambao wakijipimia kwa watu hutimiza, na wakiwapimia wao hupunguza. Neno tatfifu, yaani kupunja kipimo, linatokana na kitu kidogo, kichache. Sura nzima imefunguliwa kwa “ole” kwa ajili ya vijikilo.

Cha kufanya: chekecha mara mbili, ya kwanza wakati wa kuanua, ya pili kabla ya kufunga, kwa sababu mchanga mwingine huachia baada ya dagaa kukauka kabisa. Akishakauka, mkunje. Aliyekauka huvunjika, mwenye maji hupinda. Huyu anayepinda ni ghushi ya pili ambayo watu hawaihesabu, maana maji nayo ni kilo. Ukimfunga hivyo hivyo, gunia hupata joto njiani, dagaa hubadilika rangi na kuota ukungu, na uzito uliopimiwa Kigoma haufiki Dar es Salaam. Ndipo mnunuzi anapodhani ameibiwa na dereva. Kama mvua zimekushinda na huna budi kuuza wenye mchanga au wasiokauka sawasawa, inajuzu: waweke peke yao, sema, na shusha bei. Mnunuzi akigundua kasoro uliyoificha, sheria inampa haki ya kurudisha mzigo na kudai fedha yake.

Na hukumu ni ile ile kwa kopo lililobonyezwa kitako na dumu la mawese lenye maji chini.

Sasa ulichokwisha kuuza. Toba ya haki za watu haikamiliki kwa istighfari peke yake. Kadiria kwa uaminifu: magunia mangapi, kilo ngapi kila gunia, bei ya siku zile. Ukiwa na shaka kati ya kilo mbili na tatu, chukua tatu. Wanunuzi unaowajua, na wa jumla huwa wanajulikana, wana namba zao kwenye simu yako, warudishie tofauti au waombe wakuhalalishie baada ya kuwaambia kiasi. Kuomba “nisamehe kwa lolote” bila kutaja hakutoshi kwa maulamaa wengi wa Kishafii. Wale usiowajua tena, itoe kadiri hiyo sadaka kwa niaba yao. Akija kutokea mmoja baadaye, mpe hiari: aikubali sadaka au achukue chake. Mtume (s.a.w.) ameagiza, kwa riwaya ya Bukhari, mwenye dhulma ya nduguye ajivue nayo leo kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu.

Kuhusu hofu kwamba ukichekecha utapata hasara: sahaba Hakim bin Hizam (r.a.) amepokea kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Huyu Hakim tutamtaja tena chini.

Kaka ameshikilia michikichi miaka sita

*Baba alifariki akaacha mama yetu, wana wawili wa kiume na sisi wa kike watatu. Babu na bibi walishatangulia. Shamba la michikichi lipo Mwandiga, kaka mkubwa anavuna na kukamua mawese peke yake mwaka wa sita sasa. Tukiuliza anasema mila haimpi mwanamke shamba, na kwamba yeye ndiye anayelipalilia. — Dada watatu, Ujiji*

Dada zetu, kabla ya lolote isomeni Suratul Fajri aya ya 19 na ya 20: “Na mnakula urithi kwa ulaji wa pupa. Na mnaipenda mali pendo la kupita kiasi.” Kumla mrithi mwenzako kumetajwa pale pamoja na kutomkirimu yatima na kutohimizana kumlisha maskini. Mila ya ukoo wowote haiwezi kusimama mbele ya Suratun Nisai aya ya 11, ambayo imempa binti fungu lake kwa jina.

Mgawanyo wenu ni mwepesi ajabu. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha madeni ya marehemu, mahari ya mama ambayo haikulipwa nayo ni deni, kisha wasia usiozidi theluthi na usio wa mrithi. Kinachobaki gawanyeni mafungu nane. Mama apate thumuni, fungu moja. Yaliyobaki saba ni ya watoto, wa kiume mawili mawili, wa kike moja moja: mawili na mawili ni manne, na matatu ya kwenu, jumla saba. Kama shamba lina michikichi 240 inayozaa sawa, mama ana 30, kila kaka 60, kila dada 30. Tahadhari: msihesabu miti peke yake ikiwa mingine ni mizee isiyozaa. Mtafuteni mtu anayejua michikichi aithaminishe.

Na mavuno ya miaka sita je? Shamba lilikuwa lenu tangu siku ile aliyofariki baba, hivyo mazao nayo ni yenu kwa mafungu yale yale. Tuseme baada ya kutoa gharama za kweli za kupalilia, kuvuna na kukamua, kila mwaka hubaki 1,600,000. Miaka sita ni 9,600,000. Igawe kwa nane, fungu ni 1,200,000. La kaka mkubwa ni 2,400,000. Zilizosalia, 7,200,000, anadaiwa: mama 1,200,000, kaka mdogo 2,400,000, ninyi watatu 1,200,000 kila mmoja.

Jasho lake halipotei ikiwa alifanya kazi kwa ridhaa yenu na makubaliano: anastahili ujira wa mfano wake, kiasi ambacho angelipwa kibarua wa kazi hiyo. Lakini kibarua hamiliki shamba kwa kulipalilia. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Na kama alilizuia mkiwa mnadai, hali yake ni ya mporaji wa ardhi, na hadithi ya Said bin Zaid (r.a.) kwa Bukhari na Muslim inajulikana: aliyechukua ardhi kiasi cha shubiri kwa dhulma, atavishwa shingoni Siku ya Kiyama kutoka ardhi saba.

Hatua za kufuata. Kaeni kikao cha familia na mtu wa nje anayeheshimiwa na pande zote, mkiwa na karatasi ya hesabu hii, si maneno matupu. Ikishindikana nendeni kwa kadhi au ofisi ya BAKWATA ya wilaya mkaandikiwe mafungu. Kisha, kama bado, Mahakama ya Mwanzo ndiyo inayoteua msimamizi wa mirathi, na msimamizi anawajibika kuleta orodha ya mali na hesabu ya ugawaji. Msiogope kumshitaki ndugu. Kumzuia na moto ni katika kumsaidia. Mkiona kaka hana fedha za kulipa kwa mkupuo, mnaweza kusuluhishana akatwe kwenye mavuno yajayo, au mkamsamehe sehemu. Msamaha ni wa mwenye haki mwenyewe, akiwa mtu mzima na kwa hiari, si wa mjomba kuwatolea.

Jambo moja husahaulika: siku ya kugawa wakihudhuria jamaa wasiorithi, mayatima na maskini, aya ya 8 ya sura hiyo hiyo inasema wapeni kitu na mseme nao kwa wema. Madumu mawili ya mawese hayavunji hesabu.

Kuhifadhi mawese mpaka bei ipande

*Msimu wa wingi nanunua madumu ya lita 20, nayaweka stoo, nauza yakiadimika. Imamu wetu kasema ni ihtikari, yaani kuhodhi, na ni haramu. Ni kweli? — Mfanyabiashara, Kasulu*

Hadithi ni sahihi: “Hahodhi ila mkosaji,” kaipokea Muslim kutoka kwa Ma'mar bin Abdullah (r.a.). Lakini humo humo kwa Muslim mna jambo ambalo waliosimulia hawakulificha: Said bin Musayyab, aliyeipokea kutoka kwa Ma'mar, aliambiwa, mbona wewe unahodhi? Akasema: Ma'mar aliyeisimulia hadithi hii naye alikuwa akihodhi. Wanazuoni wameeleza kwamba walichokuwa wakikiweka wao ni mafuta, na kwamba wao waliifahamu hadithi kuwa ni juu ya chakula cha lazima wakati watu wanakihitaji na bei iko juu.

Kwa madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu huku tunayafuata, Imam Nawawi ameiwekea mipaka. Ihtikari iliyoharamishwa ni kununua chakula wakati wa uhaba, kwa ajili ya biashara, kisha kukificha kipande zaidi. Mavuno ya shamba lako mwenyewe hayamo. Uliyonunua wakati wa wingi na urahisi, ukayaweka, hayamo. Ya matumizi ya nyumbani hayamo: Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akiwawekea ahali zake chakula cha mwaka mzima. Kwa hiyo kununua kwako msimu wa wingi kunajuzu, na kwa kweli kunamsaidia mkulima asikose mnunuzi.

Hata hivyo hatutaki uondoke na nusu ya jibu. Mtu akiwa na chakula na watu wakadhikika, hawana kingine, maulamaa wameafikiana kwamba hulazimishwa kukiuza. Na hapa kwetu sisi tunaona ni vigumu kuyaita mawese “mafuta tu”, kwa kuwa kuna nyumba nyingi Kigoma ambazo hayo ndiyo mafuta ya chungu. Siku stoo za mji zikikauka, ukajua umebaki na madumu 40, nawe unafunga kufuli kungoja wiki nyingine, umeshavuka mstari. Vivyo hivyo mkikaa wenye stoo watatu mkaafikiana msiuze chini ya bei fulani. Na lile tendo la kumdaka mkulima njiani kabla hajafika sokoni na kujua bei limekatazwa kwa hadithi yake peke yake, na muuzaji akifika akakuta amepunjwa ana hiari ya kuvunja.

Weka laki moja, utoe laki na nusu

*Kuna kundi la kwenye simu. Unaweka 100,000, baada ya siku 30 unapata 150,000, ukileta watu unaongezewa. Mimi nimeshapokea mara moja. Je, ni kama mchezo wetu wa kupeana? — Kijana, Gungu*

Hapana. Kwenye mchezo wa kupeana watu kumi wanatoa 20,000 kila mmoja, kila zamu mmoja anapokea 200,000, na mwisho kila mtu ametoa 200,000 na kupata 200,000. Hakuna aliyezidishiwa, na maulamaa wengi wameujuzisha.

Hilo kundi halilimi, haliuzi, halivui. Hiyo 50,000 yako imetoka kwenye laki ya aliyekuja nyuma yako. Kila mmoja akihitaji wawili chini yake, ngazi ya kumi inataka watu 1,024, ya ishirini inazidi milioni moja. Watu hao hawapo, na wa mwisho ndio wanaolia. Ndani yake mna riba, kwa sababu ni fedha kwa fedha na ziada kwa muda, na mna kula mali za watu kwa batili. Aya ya 279 ya Suratul Baqara imekupa njia: rasilimali yako ni yako, usidhulumu wala usidhulumiwe. Laki yako ishike. Ile 50,000 mrudishie uliyemwingiza ikiwa unamjua, ama itoe. Na uliowaleta waambie watoke leo, kabla hawajaleta wao wengine.

Nikifungua simu naumia

*Naona wenzangu wamejenga, wamenunua gari. Nachukia. Ni husuda? — Mwalimu, Mwanga*

Kutamani upate kama alichonacho bila kutaka kimwondoke kunaitwa ghibta, nako hakuna dhambi. Kutaka kimwondoke ndiyo husuda. Kuumia kunakokujia ghafla hakuandikwi. Kunaandikwa kukilea: kumsema, kumchimba. Mtume (s.a.w.) ametuelekeza tumtazame aliye chini yetu katika mambo ya dunia, na simu kazi yake ni kinyume cha hapo, hukuletea wa juu tu, tena siku ya sherehe yake. Punguza kuangalia. Hatuna dawa nyingine iliyo kali kuliko hiyo.

Bahasha ya shukrani

*Nafanya kazi ofisi ya umma. Mtu nimemhudumia, kaniletea mgebuka mkubwa na elfu hamsini, mimi sikuomba. — Kigoma mjini*

Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu akusanye zaka, akarudi akasema: hii yenu, na hii nimezawadiwa. Akapanda mimbari akauliza: angeketi nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone angepewa zawadi au la? Jiulize hivyo hivyo. Rudisha, na mgebuka pia.

Tofauti na hilo, mali ikikujia si kwa cheo, hukuiomba wala nafsi haikuinyemelea, Mtume alimwambia Umar (r.a.) aichukue. Na Hakim bin Hizam, tuliyemtaja, alimwomba Mtume akampa, akaomba tena akampa, na mara ya tatu, kisha akamwambia: mali hii ni ya kijani na tamu, atakayeichukua kwa nafsi karimu atabarikiwa, na atakayeichukua kwa nafsi inayoinyemelea hatabarikiwa, atakuwa kama anayekula asishibe. Hakim akaapa hatapokea tena kitu kwa mtu. Abu Bakr na Umar walimwita kila mmoja wakati wake achukue haki yake ya hazina, akakataa mpaka alipofariki.

Kuna dua ya kuondoa tamaa?

*— Wasomaji kadhaa*

Ipo iliyothibiti kwa Muslim kutoka kwa Zaid bin Arqam (r.a.): *Allahumma inni a'udhu bika min ilmin la yanfa', wa min qalbin la yakhsha', wa min nafsin la tashba', wa min da'watin la yustajabu laha.* Mwenyezi Mungu, najikinga kwako na elimu isiyonufaisha, na moyo usionyenyekea, na nafsi isiyoshiba, na dua isiyojibiwa. Isome katika sijida au baada ya tahiyatu kabla ya salamu. Na ukiwa na deni, ongeza: *Allahumma ikfini bihalalika an haramika, wa aghnini bifadhlika amman siwaka.* Mwenyezi Mungu, nitosheleze kwa halali yako niepukane na haramu yako, na unitajirishe kwa fadhila zako nisimhitaji asiyekuwa wewe.

Pamoja na dua, andika matumizi yako ya mwezi mmoja. Mtu asiyejua nyumba yake inakula kiasi gani hawezi kujua kipi kinamtosha, na kila kiasi kwake kitakuwa kidogo.

Mtumbwi unatolewa zaka?

*Nina mtumbwi, nyavu, mashine, na stoo ya dagaa ninaonunua na kuuza. — Ujiji*

Chombo, nyavu na mashine havina zaka, ni zana. Dagaa uliowavua mwenyewe hawana zaka kwa kuvuliwa. Fedha yao ikikaa mwaka wa mwezi mwandamo ikiwa imefika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, inayo. Dagaa ulionunua ili uuze ni bidhaa ya biashara: mwaka ukitimia, wathamini kwa bei ya kuuzia siku hiyo, si uliyonunulia, ongeza fedha taslimu, utoe asilimia 2.5. Stoo ikiwa na dagaa wa 18,000,000 na taslimu 14,000,000, jumla ni 32,000,000 na zaka ni 800,000. Nisabu ni thamani ya gramu 85 za dhahabu. Wapo maulamaa wanaopima kwa gramu 595 za madini ya fedha, ambayo hufikiwa mapema zaidi. Uliza bei ya sonara siku ile ile unayohesabu, na wale dagaa wenye ukungu uliowatenga pembeni wathamini kwa bei yao ya ukungu.